Mbwa wa mbio na sungura wa nyika: dalili unazoziona uwandani na chanzo chake

Mwongozo huu ni wa wanaowinda sungura kwa mbwa wa mbio kwenye nyanda kavu za magharibi mwa Marekani: Wyoming, Colorado, Utah, Idaho, Nevada na bonde la kati la California. Waswahili si wachache huko siku hizi. Ukipita Boise, Salt Lake City au Denver utawakuta watu wa Bujumbura, Bukavu na Kigoma, na baadhi yao walikulia vijijini wakifuata mbwa porini. Ila mbwa wa huku ni wa aina nyingine. Greihaundi, saluki, wipeti na machotara wao huwinda kwa macho na kwa miguu, pua haina kazi kubwa. Windo ni sungura mkubwa wa nyika, yule asiyechimba shimo. Mwenye mkia mweusi ana kilo mbili tatu hivi, mwenye mkia mweupe hufika hata nne, na wote wawili hukimbia zaidi ya kilomita 55 kwa saa huku wakipiga chenga. Sungura mdogo wa vichakani simhesabu. Mbio zake huishia shimoni kabla mbwa hajakolea, na mara nyingi anachokuachia ni mbwa mwenye kidole kilichovunjika.

Tuanze na tatizo ambalo dalili yake huja imevaa sare. Kila jimbo lina kanuni zake za leseni na msimu. California inaruhusu sungura wa mkia mweusi mwaka mzima, Washington imewafunga kabisa wote wawili. Ardhi ya mtu haikanyagwi bila ruhusa yake, hata kama haina uzio. Walioko Uingereza wajue kwamba sheria ya 2004 inakataza kuwinda sungura wa nyika kwa mbwa huko England na Wales. Yule wa mashimo anaruhusiwa kwa idhini ya mwenye ardhi. Nyumbani, Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na Tanzania mnyamapori hawindwi bila leseni. Kwa hiyo ukiwa huko, kitakachokufaa hapa ni habari za miguu na joto, maana mwili wa mbwa ni ule ule popote.

Jambo moja kabla hatujaanza. Mtu akikwambia "mbwa wangu amekuwa mvivu", muulize alimkagua vidole lini. Mbwa aliyezaliwa kwa mbio hapunguzi mwendo kwa kupenda. Anapunguza kwa sababu haoni, anaumwa, ana upungufu wa damu, au sisi wenyewe tumemfundisha kwamba kukimbia si lazima. Nimeyapanga matatizo kwa jinsi yanavyoonekana ukiwa umesimama uwandani. Isipokuwa lile la mbwa anayeyumba: hilo lisome leo, usisubiri likukute.

Ameachiwa, anasimama anageuza kichwa

Huyu hajaona kitu. Sungura aliyelala huondoka kimya, masikio kayalaza mgongoni, na rangi yake ni ya udongo wenyewe. Wewe uliyesimama wima unamwona vizuri. Mbwa ambaye macho yake yako chini ya ncha za vichaka anaona majani tu. Dawa ya kwanza ni kubadili uwanja: tafuta mahali ambapo nyasi hazipiti kiwiko cha mbwa, walau kwa msimu wake wa kwanza.

Ya pili ni mkono wako. Wengi huachia kamba pale wao wanapomwona sungura, si pale mbwa anapomwona. Tazama shingo. Mbwa aliyeona hunyoosha shingo, masikio yanasimama, uzito wote unahamia miguu ya mbele na kamba inavuta upande mmoja tu. Mbwa anayerukaruka huku na huku amepandishwa mori na wenzake, hajui kinachofukuzwa. Ukimwachia huyo, atawakimbiza mbwa wenzake, na akizoea hivyo utakuwa na tatizo kubwa zaidi ambalo nitalifikia.

Kuna pia jua. Asubuhi na jioni mwanga huja chini, na mkitembea mkilielekea, mbwa wote wanapofuka kwa muda. Pangeni mstari jua liwe mgongoni.

Kama yote hayo yako sawa na bado anapoteza, angalia macho yenyewe. Mbwa anayeona vizuri saa sita mchana lakini anajikwaa magharibi huenda ana ugonjwa wa kurithi unaokausha pazia la nyuma la jicho. Hauna tiba, na huyo hapaswi kuzalishwa. Mwingine hupata utando wa rangi ya waridi au kahawia unaotambaa kutoka pembeni mwa jicho kuelekea katikati. Greihaundi wanajulikana kwa ugonjwa huu, na jua kali la nyanda za juu huuchochea, nazo nyingi ya nyanda tunazowindia ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukiwahi, matone ya kila siku yanauzuia maisha yake yote. Ukichelewa, utando unafunika mboni.

Anaanza kwa moto, anazima katikati

Kwanza jua una mbwa gani. Greihaundi hufikia kilomita 60 na ushee kwa saa ndani ya hatua chache, lakini pumzi yake ni ya mbio fupi. Saluki huanza taratibu na kuendelea pale wengine wanapokata tamaa. Sungura wa nyika mwenye afya anaweza kuwapeleka mbwa kilomita moja, mbili, hata zaidi. Greihaundi akizima baada ya mita mia kadhaa huku saluki akiendelea, hapo hakuna ugonjwa, kila mmoja amefanya alichoumbiwa.

Tatizo lipo pale mbwa anapozima mapema kuliko alivyokuwa akizima yeye mwenyewe mwezi uliopita. Uliza mambo haya kwa mpangilio huu.

Alikula lini? Mbwa aliyeshiba asubuhi hakimbii vizuri, na kuna hatari kubwa zaidi: tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu linaweza kujaa gesi na kujisokota. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, acha kila kitu umpeleke kwa daktari, maana ni suala la saa chache. Chakula kikubwa kiwe jana yake jioni, na baada ya mbio asubiri mpaka ametulia kabisa.

Ana mazoezi? Mbwa anayelala kwenye kochi Jumatatu hadi Ijumaa si mwanariadha wa Jumamosi. Anahitaji kutembea kila siku na kukimbia huru mara kadhaa kwa wiki kwa majuma mengi kabla msimu haujafunguliwa. Uzito pia: kwa mbwa hawa mifupa miwili mitatu ya nyonga na mbavu za mwisho zinapaswa kuonekana. Jirani atakwambia unamnyima chakula. Mwache aseme.

Damu yake ikoje? Hapa ndipo madaktari wasiowazoea mbwa hawa huteleza. Kiwango cha chembe nyekundu katika damu ya greihaundi mzima huwa kati ya asilimia 50 na 65, wakati mbwa wa kawaida huwa chini ya hapo. Kipimo kikirudi na 42, karatasi itaandika "kawaida", kumbe kwa huyu ni upungufu wa damu. Tafuta kupe na magonjwa yao, hasa kama mbwa alitoka kwenye viwanja vya mashindano ya kamari au majimbo ya joto. Kinyume chake, homoni ya tezi ya shingo kwa mbwa hawa huwa chini kiasili, na mbwa wengi wameanzishiwa vidonge vya tezi maisha yao yote kwa kipimo ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Mwambie daktari waziwazi: huyu ni mbwa wa mbio, linganisha na viwango vya jamii yake.

Anakohoa, anakonda, halafu miguu inauma bila jeraha? Kama unawindia Arizona au bonde la San Joaquin, kuna kuvu wa ardhini ambaye mbwa humvuta pamoja na vumbi. Wenyeji huuita homa ya bonde. Unatibika, lakini dawa ni ya miezi mingi.

Anafika mkiani lakini hashiki

Mara nyingi hapa hakuna cha kutibu. Sungura aliyekomaa hushinda mbwa mara nyingi, na ndivyo inavyopaswa. Yeye hugeuka papo hapo. Mbwa mwenye kilo 30 anapita mita kadhaa mbele ndiyo ageuke. Mbwa wawili au watatu wanaokimbia pamoja ndio huweza kumpokezana kwenye kona. Angalia tu kucha zisiwe ndefu, na kama mbwa anapanua kona za upande mmoja peke yake, kulia kwa mfano, hilo ni suala la maumivu. Nenda kwenye habari za kuchechemea.

Anategea

Hii ndiyo kasoro inayowaumiza roho wawindaji, na ndiyo pekee ninayokubali kuiita ya akili. Mbwa anaachiwa na wenzake, anatoka nusu mwendo, anasimama pembeni akitazama sungura atageukia wapi, kisha anakata njia. Wenzake wamefanya kazi yote na yeye ndiye anayeibuka na windo mdomoni. Kuna wanaomsifu kwa ujanja. Mimi simsifu, kwa sababu wenzake nao wataona, na baada ya muda utakuwa na mbwa watatu waliosimama wakitazamana huku sungura akiishilia zake.

Kupima ni rahisi. Mwachie peke yake kwenye uwanja ulio wazi, baada ya kumpumzisha wiki nzima. Akikimbia kwa nguvu zote, basi kutegea ni tabia aliyojifunza kwenye kundi. Akitegea hata akiwa peke yake, mwili unamuuma: bega, kidole cha mbele, kiuno. Mbwa mwenye maumivu hupiga hesabu za kona fupi kwa sababu kona ndefu inamgharimu.

Kama ni tabia, chanzo ni chetu. Tumemkimbiza mara nyingi mno kwenye uwanja ule ule mpaka anajua kila sungura atapenya uzio wapi. Tumemwachia na mbwa wengi. Tumemkimbiza siku nzima mpaka uchovu ukamfundisha kubana matumizi. Punguza mbio ziwe mbili kwa siku, hata moja. Badilisha uwanja. Mkimbize peke yake au na mbwa mmoja wa mwendo kama wake. Wapo wanaorudi, ila mbwa mwenye miaka saba aliyezoea kutegea mwache ategee nyumbani, kwenye zulia.

Anabweka akikimbia, au anawarukia wenzake

Kwa kubweka, tazama anabweka wakati gani. Akiwa nyuma, amekasirika kuachwa. Kimbiza peke yake. Akianza ghafla utu uzimani, mkague maumivu. Kwa kuwarukia wenzake hakuna mjadala: mgusano wa mbwa wawili kwa kasi ile huvunja shingo. Huyo akimbie peke yake mpaka mwisho wa maisha yake ya kuwinda.

Anachechemea

Usimwangalie akiwa amesimama. Mtembeze polepole kwenye ardhi tambarare, mtu mwingine amshike kamba, wewe utazame kichwa. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa kinapanda mbwa anapokanyagia mguu mbovu na kushuka anapokanyagia mzima. Mguu wa nyuma ukiuma, tazama nyonga: upande unaouma unarushwa juu. Kisha mlaze, anza na mguu mzima ili ujue yeye humenyuka vipi, ndipo uende kwenye mbovu. Kunja kila kidole peke yake, kimoja kimoja, ukilinganisha na mwenzake wa mguu wa pili.

Vidole ndivyo huumia zaidi. Kidole kilichovimba kwenye kiungo na kinachouma ukikikunja kimeteguka au kano imechanika; kikiyumba upande kwa upande, au kikiwa kimekaa juu kuliko wenzake, ni cha daktari siku hiyo hiyo. Greihaundi aliyestaafu kwenye viwanja vya kamari huja na historia yake. Viwanja vile huzungukwa kwa kushoto, kwa hiyo mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo kwenye kona na mifupa midogo ya kisigino chake ndiyo huvunjika. Tangu Florida ilipofunga mashindano mwishoni mwa 2020 mbwa hao wamepungua sana, lakini ukimpata mmoja, piga picha ya eksirei ya kisigino hicho kabla hujamwachia kwa sungura hata mara moja.

Anachechemea kwenye lami na saruji, lakini akifika kwenye nyasi anatembea vizuri? Geuza unyayo, ulowanishe kwa maji, utafute duara dogo gumu lililopauka katikati ya nyama. Ni sugu. Greihaundi huzipata kuliko mbwa wengine wote, na zimewapotezea watu fedha nyingi za eksirei za mabega wakati tatizo lilikuwa chini ya mguu.

Alilia katikati ya mbio, akaendelea, na kesho yake upande wa ndani wa paja umevimba na kuwa wa zambarau? Msuli umechanika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kamba fupi, daktari, na miezi ya kupumzika. Atakuonyesha amepona baada ya wiki mbili. Usimwamini.

Ngozi ya mbwa hawa ni nyembamba, na seng'enge ni adui wa kwanza wa nyanda hizi kuliko nyoka na dungusi. Jeraha hupasuka kama karatasi na ngozi huning'inia. Osha kwa maji safi mengi au maji ya chumvi ya hospitali, funika kwa shashi, funga bandeji usibane, nenda ukashonwe. Ukifika, kumbusha mambo mawili: greihaundi huchelewa kuzinduka kwa baadhi ya dawa za usingizi za zamani, na baadhi yao huanza kuvuja damu siku moja au mbili baada ya upasuaji ingawa mwanzoni kidonda kilikauka vizuri. Kuna dawa ya kuzuia hilo ikitolewa mapema.

Na panadoli yako iache mfukoni. Dawa za maumivu za binadamu, iwe parasetamoli au ibuprofeni, huharibu ini, figo na tumbo la mbwa kwa kiasi ambacho kwako hakikufanyi chochote.

Mbwa mkubwa aliyevuka miaka sita, anachechemea mguu mmoja wiki ya pili sasa, hajajikwaa wala kukatwa, na mfupa umevimba karibu na bega, kifundo cha mkono au goti: huyo apigwe picha haraka. Saratani ya mfupa inawapenda greihaundi na mbwa wengine wakubwa wa jamii hii. Ni heri ulipie eksirei isiyoonyesha kitu.

Anayumba, ulimi umepanuka, macho hayapo

Hapa husomi, unamwaga maji.

Mbwa mzima hupanda joto akikimbia. Kawaida yake ni nyuzi 38 hadi 39; baada ya mbio kali kipimajoto kinaweza kusoma 41 na mbwa akawa salama, mradi anahema vizuri, anakutambua, na dakika chache baadaye joto linashuka. Hatari ni pale akili inapopotea: anayumba, hajibu jina, ulimi umekuwa mpana na mwekundu wa kuiva, mate mazito, anatapika, anaanguka. Usimpakie garini kwanza. Mpoze kwanza, halafu umpeleke. Mmwagie maji mwili mzima, tumbo, kinena, mgongo, yawe baridi kiasi chochote ulichonacho, huku mtu akimpepea au mkimuweka upepo unapopita. Kama kuna bwawa na mbwa ni kijana mwenye afya, mtie majini kichwa ukikishikilia juu. Usimfunike taulo lililolowa. Likishapata joto linageuka blanketi. Akifika nyuzi 39.5 acha kumwagia, la sivyo atashuka kupita kiasi. Kisha twende hospitali hata kama ameamka na kutikisa mkia, kwa sababu figo na damu huharibika saa kadhaa baadaye.

Watu hudhani hili ni la Julai. Hapana, mbwa mwenye misuli mingi kiasi hiki anaweza kuzidiwa siku ya baridi ya Novemba, mbio ikirefuka na jua likiwa wazi. Beba maji kuliko unavyodhani yanatosha: lita kumi kwa kila mbwa si ujinga.

Dalili ndugu yake huja baadaye, jioni au hata kesho yake. Mgongo na mapaja yamekuwa magumu kama ubao, mbwa hataki kuinuka, mkojo una rangi ya chai ya rangi au kahawa. Misuli imevunjika ndani na taka zake zinaziba figo. Hakuna cha kukandakanda. Anahitaji dripu. Hutokea zaidi kwa mbwa asiye na mazoezi aliyekimbizwa mara nyingi siku moja, au mwenye wahka aliyekuwa akivuta kamba na kulia asubuhi nzima kabla hata ya kuachiwa.

Hajarudi

Mbio imepita mlima mdogo, vumbi limetulia, mbwa wawili wamerudi na mmoja hayupo. Usikimbie ukipiga kelele huku na huku. Mbwa wa mbio akimpoteza sungura hurudi pale alipoachiwa, sasa asikukute umehama. Mmoja abaki pale pale, mwingine apande mahali pa juu na darubini, wa tatu aende kwenye barabara iliyo karibu kuliko zote. Kola ya GPS siku hizi si anasa. Ikiwa giza linaingia, acha nguo uliyoivaa na maji mahali alipoachiwa, urudi alfajiri.

Chanzo cha kutorudi mara nyingi ni kimoja kati ya viwili. Amepata sungura wa pili njiani, na hilo litaisha. Au amewaona swala wa nyanda hizi, wanaokaribia kilomita 90 kwa saa, na atawafuata mpaka aanguke, maana hawafikii na hawapotei machoni. Kukimbiza swala kwa mbwa ni kosa kisheria, na kukimbiza kondoo au ng'ombe wa mtu ni kosa ambalo mwenye mifugo anaweza kulijibu kwa bunduki papo hapo, na katika majimbo mengi ya huku sheria iko upande wake. Ukiona swala au mifugo, mbwa wote kwenye kamba, hata kama sungura ameruka miguuni pako. Mfunze mtoto wa mbwa akiwa bado mdogo: mpitishe kando ya kondoo akiwa kambani siku nyingi, mpaka achoke kuwatazama.

Sungura ameshikwa kirahisi mno

Ukiona mbwa wa kawaida tu anamkamata sungura wa nyika baada ya mita hamsini, usishangilie. Sungura yule pengine alikuwa mgonjwa. Vaa glavu kabla ya kumgusa. Mfungue tumbo uangalie ini na wengu: madoa meupe madogo mengi ni alama ya homa ya sungura, ambayo binadamu huipata kwa mikono yenye mikwaruzo wakati wa kuchuna, pia kwa kupe. Mzoga huo hauliwi na mtu wala mbwa. Hata sungura aliyeonekana mzima, nyama yake iive mpaka ndani kabisa, nyuzi 74, na homa yoyote ndani ya wiki mbili mwambie daktari kwamba ulichuna sungura. Asipoambiwa hatafikiria.

Ukikuta mizoga kadhaa imelala bila jeraha, pengine na damu puani, hiyo ni habari nyingine. Mwaka 2020 virusi vya kutoka damu vya sungura viliingia kwa sungura wa porini wa kusini-magharibi, kuanzia New Mexico, na kusambaa hadi California. Haviambukizi mtu wala mbwa, ila vinasafiri kwenye buti na nyayo. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo, ondokeni hapo, osheni viatu kwa maji yenye klorini na miguu ya mbwa kwa sabuni, hasa kama wewe au jirani mnafuga sungura nyumbani.

Utumbo usiwape mbwa, hata wakikuangalia vipi. Vile vifuko vyenye maji vinavyoning'inia tumboni na kwenye ini la sungura ni watoto wa tegu, na mbwa akivimeza anakuwa na mnyoo mzima baada ya wiki chache. Mpe dawa ya tegu yenye prazikwanteli wakati wa msimu, kwa ratiba ya daktari. Dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimgusi tegu.

Na kama mbwa amemshika sungura lakini hajamuua, kimbia. Kazi ya kummaliza haraka ni yako, kwa mkono, bila kuchelewa. Mtu ambaye hawezi kufanya hivyo awaachie mbwa wake mifuko ya plastiki inayovutwa kwa mashine, mchezo ulioanzia California mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya mbwa wa aina hii hii, tena bila seng'enge.

Mmetembea siku nzima hakuna kilichoruka

Idadi ya sungura wa mkia mweusi katika nyanda za Utah na Idaho hupanda na kuporomoka kwa mzunguko wa takriban miaka kumi, mbweha wa nyika wakiwafuata nyuma. Huenda uko kwenye miaka ya chini. Huenda pia mmepita mchana, wakati wamelala chini ya vichaka na hawainuki mpaka uwakanyage. Jaribu kingo za mashamba ya majani ya mifugo mapema asubuhi, mkitembea kwa mstari mpana, polepole, mkisimama kila baada ya hatua kadhaa, kwa sababu kusimama ndiko kunakomtisha aliyelala kuliko kutembea. Ikiwa bado hakuna kitu, uwanja ule uacheni msimu mzima.